Tapeli anajua ubongo wako unasinzia saa ngapi

Mtu akitapeliwa hapa Dar, husikia kauli mbili kabla hajamaliza kusimulia. Ya kwanza ni ya dharau: mtu mzima na akili zako, unaingizwaje mjini kirahisi hivyo? Ya pili ina huruma ndani yake, ila nayo haimsaidii: bila shaka wamempulizia dawa. Kwa maoni yangu kauli zote mbili zinatupotezea muda. Wengi wanaolizwa si wajinga, na dawa hakuna. Walikutwa kwenye saa ambayo ubongo wao haukuwa na nguvu ya kubisha, na aliyewapigia simu aliijua saa hiyo, au aliitengeneza mwenyewe.

Jirani yangu mmoja ni mama lishe, anapikia Buguruni. Anaamka saa tisa usiku kuinjika maharage na kukanda unga wa chapati. Kabla hakujapambazuka yuko njiani, na jioni anapitia sokoni kununua vya kesho. Siku hiyo meseji iliingia inakaribia saa tano usiku, ameshajilaza: umepokea shilingi 185,000, jina la mtumaji, na salio jipya limeandikwa chini kama tulivyozoea kuliona. Hazikupita sekunde nyingi simu ikaita. Mwanamke analia. "Shikamoo mama yangu. Nimekosea namba, hiyo hela ni ya dawa ya mwanangu, tuko hospitali hapa wanaidai sasa hivi. Mama usinikatie, nirudishie tu, niko chini ya miguu yako." Akamrudishia, akalala. Alfajiri anataka kulipa mkaa, ndipo alipoona kwamba hakuna hela iliyowahi kuingia. Aliyotuma ilikuwa yake, mtaji wa kupikia.

Mama huyu ukimjia saa nne asubuhi humpati. Nimemwona anapakua wali huku anarudisha chenji za wateja wanne bila kuandika popote, na noti bandia anaitambua kwa vidole kabla hajaitazama. Asubuhi angefungua salio kwanza, au angemwambia yule anayelia apige huduma kwa wateja, kwa kuwa aliyekosea muamala ndiye anayetakiwa kuomba urudishwe. Anajua yote hayo. Usiku ule ujuzi wake ulikuwepo, ila haukumfikia mkononi kwa wakati. Hapo ndipo habari ya mawimbi ya ubongo, yaani umeme unaopanda na kushuka kichwani, inaponigusa.

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mtu wa kwanza kuurekodi kwa binadamu juu ya ngozi ya kichwa ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani. Alifanya hivyo mwaka 1924, akakaa miaka mitano akikagua vipimo vyake, ndipo akatangaza mwaka 1929. Aliona kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho ana mawimbi yanayopanda na kushuka mara kumi hivi kwa sekunde, na akifumbua macho au akipewa hesabu, mawimbi hayo yanafifia. Akayaita alfa. Leo tunajua zaidi. Mtu aliye macho na anayeshughulika ana mawimbi ya beta, mara 13 hadi 30 kwa sekunde. Akianza kusinzia, alfa yake, ambayo ni mara 8 hadi 13, inapotea na theta inaingia, mara 4 hadi 8. Usingizi mzito ni wa delta, mawimbi makubwa ya polepole yasiyofika manne kwa sekunde.

Tumezoea kudhani kwamba usingizi una mlango mmoja, kwamba uko nje au uko ndani. Sivyo ulivyo. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na wagonjwa wa kifafa huko Los Angeles walichapisha jambo lililonishtua. Wagonjwa hao walikuwa tayari wamewekewa elektrodi, nyaya nyembamba za kupima umeme, ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu, na wakakeshwa usiku kucha kwa sababu za matibabu hayo hayo. Walipopewa kazi ya kutambua picha, seli za ubongo zilijibu kwa kuchelewa na kwa unyonge, na palepale kwenye eneo husika yalionekana mawimbi ya polepole yanayofanana na ya usingizi. Sehemu nyingine za ubongo ziliendelea kama kawaida. Maana yake mtu anaweza kuwa amekaa, anaongea, anabonyeza simu, huku kipande cha ubongo wake kimelala. Mwenyewe hana habari. Ukimuuliza kama amesinzia atakuapia kuwa yuko macho, na hakudanganyi.

Sasa fikiria kipande kilicholala ni kile kinachouliza "hii ni kweli?" Mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba kukubali jambo na kulikataa si kazi zenye uzito sawa. Tunaposoma au kusikia kitu, akili inakipokea kwanza kama kweli, kisha inarudi kukikagua. Kupokea hakuna gharama. Kukagua kuna gharama, na kazi hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa mzigo ukizidi. Waliwapa watu taarifa za uhalifu, wakawaambia wazi kuwa sentensi za rangi fulani ni za uongo. Waliosoma kwa utulivu, uongo ule haukuwayumbisha sana. Waliopewa kazi nyingine ya kufanya papo hapo walipanga adhabu kana kwamba uongo ule ni ushahidi. Walikuwa wameambiwa ni uongo! Hawakupata tu nafasi ya kuurudisha ulikotoka.

Na usingizi ukikosekana hali inakuwa mbaya kiasi cha mtu kujisingizia mwenyewe. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ambao ningependa kila askari na kila hakimu wa nchi hii ausikie. Watu 88 walifanya kazi kwenye kompyuta wakiwa wameonywa wasiguse kitufe fulani. Baadaye kila mmoja aliletewa karatasi inayosema amekigusa, jambo ambalo halikutokea, akaombwa asaini. Katika waliolala usiku, asilimia 18 walisaini mara tu walipoombwa. Katika waliokesha, walisaini asilimia 50. Nusu ya watu wazima wenye akili timamu walikiri kosa ambalo hawakulitenda, na hakuna aliyewatisha. Kama usiku mmoja unatosha kumfanya mtu asaini dhidi yake mwenyewe, kwa nini tumshangae mama lishe aliyeamini meseji ya hela?

Nasema haya nikijua kuna hatari upande wa pili. Mawimbi ya ubongo yenyewe yamegeuzwa bidhaa ya kitapeli. Utakutana mtandaoni na sauti zenye urefu wa saa nane zinazodaiwa kukuingiza "theta ya utajiri", na walimu wa mafanikio wanaokuuzia masafa ya kuvuta pesa. Utaambiwa pia kwamba ukitazama televisheni nusu dakika tu ubongo unaingia alfa na hapo unalishwa chochote. Hadithi hiyo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kipimo cha Herbert Krugman, mtafiti wa matangazo ya biashara, kilichochapishwa mwaka 1971, naye alimpima mtu mmoja tu. Mmoja! Alfa unayo ukifumba macho kuswali, ukimaliza kazi ukapumua, ukikaa Coco unaangalia bahari. Haikufanyi mjinga. Na theta nayo si ya kusinzia peke yake: theta inayopimwa katikati ya sehemu ya mbele ya kichwa huongezeka pale mtu anapong'amua kwamba kuna kitu hakikai sawa na inabidi abadili uamuzi. Kwa hiyo anayekwambia wimbi fulani ni wimbi la kudanganyika anakudanganya. Umeme wa ubongo ni dalili ya kazi inayofanyika ndani, kama moshi unavyoonyesha jikoni kuna moto. Hupiki kwa moshi. Ninachoshikilia ni kidogo na kina ushahidi: uchovu, usingizi na akili iliyobebeshwa mambo mengi hupunguza uwezo wa kukataa uongo, na mwenye hali hiyo hajui kuwa anayo.

Hapo narudi kwenye habari ya dawa, maana watu wanaosema wamepuliziwa si waongo. Wanaeleza walivyohisi. Chukua ule mchezo wa siku nyingi wa Kariakoo. Unatembea, mtu mbele yako anaangusha burungutu. Mwingine analiokota kabla hujafungua mdomo, anakuvuta pembeni, anakunong'oneza mgawane. Mwenye mali anarudi anahaha, anauliza, anataka kuwapekua. Ndani ya dakika tatu umepewa tamaa, hofu, siri na haraka, vyote kwa pamoja, jua la saa saba kichwani na watu wanakupiga vikumbo. Unaambiwa uache simu na pochi kama dhamana, unaacha. Baada ya robo saa umekaa kwenye baraza la duka la mtu unauliza imekuwaje. Ubongo ulio kwenye hofu hukaza macho kwenye kitu kimoja, kile kinachotisha, na kuacha mengine yapite. Kumbukumbu ya tukio inabaki vipande vipande. Mtu akikwambia "nilikuwa kama siko," mwamini. Kuna watu wa kazi wamempangia kila hatua mpaka akafika hapo, na wanajua nani atoke lini na aseme nini. Tukisema ni dawa tunawapa sifa ya uganga, na tunaacha kujifunza wanachokifanya.

Lipo jambo jingine zito kidogo, nalisema kwa heshima kwa kuwa nami ni mtu wa ibada. Mkesha ni kitu kizuri. Nimeona watu wakitoka kwenye mkesha wamepona majeraha ya moyo ambayo hospitali haina chumba chake. Lakini kuomba watu waahidi fedha saa tisa usiku, ngoma na vinanda vimepigwa tangu saa nne, wengine wametoka kazini moja kwa moja, si haki. Mtu aahidi kiwanja chake mchana, amelala, amekula, amezungumza na mwenzi wake. Kama sadaka hiyo imetoka moyoni, saa nne asubuhi bado itakuwepo. Ninawaomba viongozi wetu wa dini waliangalie hili wao wenyewe kabla hajaja mtu wa nje kulisemea vibaya.

Kuhusu simu, ushauri wa kila siku ni "kuwa makini," na umakini ndio hasa unaokosekana saa hiyo. Ni kumwambia mwenye njaa ashibe. Kinachofaa ni uamuzi uliofanywa mapema, wakati kichwa kizima, usiohitaji kufikiriwa tena. Nyumbani kwetu tulikubaliana kwamba ikishapita saa tatu usiku hakuna hela inayotoka kwenye simu ya mtu yeyote kwenda namba ngeni, hata aliyepiga alie vipi. Mama yangu, ambaye yuko peke yake Mbagala, anajibu sentensi moja tu: "Mwanangu, nipigie asubuhi." Hapimi kama anayepiga ni mkweli. Hajipi kazi hiyo usiku.

Ila mzigo wote hauwezi kuwa wa mama yangu. Kampuni za simu zinaona miamala yote. Zinajua namba hii haijawahi kutumiwa hela na mteja huyu, zinajua ni usiku, zinajua kiasi kinachotoka ni karibu salio lote. Kuchelewesha muamala wa namna hiyo kwa nusu saa, kwa mteja aliyejiandikisha kutaka hivyo, ni suala la kutaka tu. Mamlaka ya Mawasiliano imetupa namba 15040 ya kuripoti meseji za matapeli, na ni jambo jema. Lakini anayeripoti ni yule ambaye haoni aibu. Yule mama lishe hakuripoti. Alimwambia mumewe hela imeibwa sokoni, akakopa, akarudi kuinjika maharage. Nilikuja kujua baadaye kabisa, tena kwa sababu mwenzake wa pale kijiweni naye alikuwa amepigwa vilevile, kwa meseji ileile na kilio kilekile cha mtoto hospitali, na ndipo walipothubutu kusimuliana. Wiki zote hizo namba ile ilikuwa hewani.