Mahekalu ya udongo ya Bengal: safu za chini zina ushahidi gani?

Kwenye hekalu la Kantajew, wilaya ya Dinajpur kaskazini mwa Bangladesh, nchi iliyo sehemu ya Bengal ya zamani pamoja na jimbo la India la Bengal Magharibi, kuna bwana aliyeketi ndani ya machela akivuta buruma, yaani kiko cha maji. Yumo kwenye safu za chini za vibao vya udongo wa kuchoma vinavyofunika kuta za hekalu zima, pamoja na wawindaji, ngamia, mashua zilizojaa watu wa sherehe na askari wa Kizungu wenye silaha. Juu yao ndipo yanapoanza mambo ya miungu ya Kihindu: vita vya Rama na Ravana, Krishna na wachungaji wa ng'ombe. Maharaja Pran Nath alilianza hekalu hilo na mrithi wake Ramnath akalimaliza mwaka 1752. Wataalamu hawajakubaliana kama bwana huyo na wachukuzi wake wanatueleza lolote la kuaminika kuhusu maisha ya Bengal, au ni pambo la kujaza nafasi chini ya hadithi takatifu.

Wanaosema ni pambo hawasemi ovyo. Aliyelipia hekalu alikuwa mfalme, zamindar (bwana wa ardhi) au mfanyabiashara tajiri, na ni kawaida bwana kupenda kujiona akiwinda kuliko kumwona mkulima wake akilima. Tena mafundi wa tabaka la Sutradhar, waliofanya kazi ya mbao, mawe, udongo na rangi, walirithishana michoro baba kwa mwana. Picha ya askari ingeweza kunakiliwa kijiji hadi kijiji bila fundi kuwahi kumwona askari wa namna hiyo. Anayetaka kuijua njaa kuu ya 1770, iliyoua mamilioni ya watu Bengal, hana budi kusoma hesabu na barua za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Kuta za mahekalu hazitamsaidia.

Hoja yao kali zaidi inahusu Wareno. Jeshi la Shah Jahan, mfalme wa dola ya Wamughal iliyotawala India, liliwafukuza kwenye bandari yao ya Hooghly mwaka 1632, na nguvu yao Bengal ikavunjika. Lakini Wazungu wenye kofia, magobore na merikebu waliendelea kutokea kwenye mahekalu kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Kama fundi wa mwaka 1750 anafinyanga watu wa enzi ya babu wa babu yake, anasema mpinzani, tutaitaje kazi yake kumbukumbu ya jamii?

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mpinzani anapojifunga mwenyewe. Kufukuzwa Hooghly hakukumaliza habari ya Wareno. Wengine walibaki upande wa bandari ya Chittagong, mashariki mwa Bengal, chini ya wafalme wa Arakan, pwani ya Burma, na pamoja na watu wa huko walipanda mito ya delta wakiteka wanavijiji na kuwauza utumwani, mpaka Shaista Khan, gavana wa Wamughal, alipoitwaa Chittagong mwaka 1666. Hekalu la Jor Bangla huko Bishnupur, magharibi mwa Bengal, lenye vyombo vya majini na askari kwenye safu zake, lilijengwa mwaka 1655, yaani katikati ya miaka ya hofu hiyo. Vijiji vilivyoporwa havikuandika kitabu. Kama picha ya chombo kilichosheheni watu wenye bunduki ilidumu vizazi vitatu au vinne baada ya hatari kupita, kudumu kwake ni habari kwa mwanahistoria. Inamwonyesha jambo ambalo watu hawakulisahau, hata kama haimwambii lilitokea siku gani na mahali gani.

Sisi wa pwani tuna cha kulinganisha. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, askari wa Kireno walichora ukutani merikebu na watu kwa mikono yao. Huku walijichora wenyewe; Bengal walichorwa na watu wa nchi waliyoiingia, na ushahidi wa aina hiyo ya pili ni adimu sana. Nyaraka nyingi za karne ya 17 kuhusu Wareno zimeandikwa na Wareno wenyewe, na Waholanzi waliogombana nao, au na makarani wa dola. Fundi wa udongo hakuwa mmoja wao.

Kuna jambo jingine ambalo nadharia ya kunakili haiwezi kulieleza: picha zinabadilika. Ravana na Rama ni wa zamani za kale, ila watu wa hadithi hizo huvaa mavazi ya baraza la Wamughal. Buruma ya yule bwana wa Kantajew isingeweza kuwepo kwenye kiolezo cha kale, kwa sababu tumbaku ilifika India pamoja na Wareno. Katika karne ya 19, mahekalu ya wilaya ya Birbhum, Bengal Magharibi, yanaleta Mzungu mwingine kabisa, mwenye koti, aliyestarehe kwenye kiti, wakati ambapo Waingereza wanatawala. Mtu anayenakili tu hambadilishi mgeni wake nguo kila utawala unapobadilika. Fundi alikuwa akitazama nje ya karakana.

Nakubali kwamba alitazama akiwa amelipwa, kwa hiyo ukuta haufai kuhesabia watu. Usiutumie kujua wangapi walivuta buruma au wangapi walibebwa kwa machela. Utumie kujua vyombo, mavazi, silaha, jinsi mzigo unavyochukuliwa begani, na nani anastahili kukaa huku wengine wamesimama. Mlipaji alitaka kuonekana mkubwa, na ili aonekane hivyo ilibidi wachukuzi wake nao wawepo. Hao hawana maandishi yao popote.

Ubishi huu una gharama yake. Matofali hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chumvi inayopanda nao huumega udongo kuanzia chini. Kwa hiyo maisha ya watu, yaliyowekwa miguuni pa miungu, ndiyo yanayoharibika mapema. David McCutchion, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jadavpur na kufariki Kolkata mwaka 1972, alizunguka vijijini akipiga picha mahekalu ambayo mengine yalikuwa yanabomoka. Tangu hapo yako yaliyopigwa lipu ya saruji na rangi, na mara nyingi wahusika walikuwa waumini wenye nia njema waliotaka nyumba ya mungu wao ipendeze. Mtaalamu anayewaambia kwamba safu za chini ni pambo tu anawapa ruhusa ya kuzifunika. Kabla ya mwiko wa saruji kugusa ukuta, kila kibao cha chini kipigwe picha na kuandikiwa mahali pake, hata kama fedha za kutengeneza mnara zitasubiri mwaka mwingine.