Haiba si Wepesi

Siku hizi mwigizaji hasifiwi mpaka aonekane anateseka. Akipendeza tu, akaifanya kazi ionekane rahisi, tunasema hana uzito. Mimi sikubaliani na kipimo hicho, na shahidi wangu ni Ellen Terry, mwigizaji wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria.

Alizaliwa Coventry mwaka 1847, wazazi wake waigizaji, na kufikia 1856 alikuwa tayari jukwaani London, mtoto wa miaka tisa. Mwaka 1878 alijiunga na Henry Irving, mwigizaji na msimamizi wa ukumbi wa Lyceum huko London, wakawa pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Irving alichekwa kwa mwendo wake na matamshi yake, lakini alijua kuushika ukumbi. Terry watu walimpenda tangu anapoingia.

Basi mwaka 1888 wakampa Lady Macbeth, yule mke katika tamthilia ya Shakespeare anayemchochea mumewe amuue mfalme. London ilizoea kumwona mama huyo kama jinamizi. Terry akamwigiza kama mke anayempenda mumewe kupita kiasi, na wahakiki wakagawanyika: wengine walimwona mpole mno. Kwangu mimi huyo ndiye anayetisha. Muuaji mwenye sura ya uuaji tunajihadhari naye mapema. Anayebembeleza anatukuta hatujajiandaa. Hata gauni lake lilisema hivyo: la kijani, limeshonewa mbawa halisi za mbawakawa zinazometameta, zuri na la kuogofya kwa pamoja. Mchoraji John Singer Sargent alimchora nalo mwaka 1889, na gauni lenyewe bado limehifadhiwa Smallhythe Place, nyumba yake huko Kent. Tukumbuke pia kwamba Lyceum ya Irving iling'ang'ania taa za gesi, wakati ukumbi wa Savoy ulikuwa na umeme tangu 1881. Katika mwanga ule laini, mbawa zile lazima zilionekana hai.

Ushairi wa zama zile nao unashutumiwa vivyo hivyo: mtamu mno sikioni, eti hauna fikra. Mshairi Tennyson, ambaye Irving na Terry waliigiza tamthilia yake mwaka 1881, alirekodiwa mwaka 1890 akisoma shairi lake la askari wa farasi waliotumwa kufa Balaclava, katika vita vya Crimea. Sauti inakwaruza, mzee amepita miaka 80, lakini hasomi, anaghani. Aliyelelewa na tenzi hatashangaa. Mapigo ni ya kwato, yanakubeba, na ukishabebwa ndipo unatambua unapelekwa kwenye mizinga pamoja nao. Bila utamu ule ungebaki pembeni ukiwahurumia tu.

Sisemi kila kitu cha enzi ya Victoria kilikuwa dhahabu. Sukari ilikuwepo tele, na Irving alikata mistari ya Shakespeare bila huruma ili nafasi yake ing'ae.

Lakini sikiliza hotuba ya Portia juu ya rehema, ile ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kupitia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere. Terry aliirekodi mwaka 1911, akiwa na miaka 64. Mimi simsikii mhubiri pale. Namsikia mtu anayemsihi Shylock, mdai anayetaka kumkata mdeni wake ratili ya nyama, akiamini kwamba bado anaweza kukubali. Ukiiondoa haiba hiyo, Portia anabaki anatoa somo la maadili mahakamani, na Shylock hana sababu yoyote ya kusita na kisu chake.