Mkulima wa Strafford na ardhi isiyokuwa yake

Ukimtaja Justin Morrill, mwanasiasa wa karne ya 19, kwa Mmarekani wa kawaida, huenda asijue unamsema nani. Mtajie Cornell, Purdue au Ohio State, uso utachangamka. Vyuo vyote hivyo vilinufaika na sheria yake ya 1862, ya kufadhili vyuo kwa ardhi.

Alizaliwa mwaka 1810 huko Strafford, kijiji cha Vermont, mtoto wa mhunzi. Alipofika miaka 15, shule ikaishia hapo. Nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumsomesha zaidi. Akawa karani wa duka, baadaye mbia, na biashara ikamkubali hasa. Akiwa na miaka 38 alifunga hesabu akaenda kulima. Hapa ndipo anaponichekesha. Mkulima huyu alijijengea nyumba ya rangi ya waridi, madirisha ya ncha kama ya kanisa, na bustani akaipanga mwenyewe. Sisi mkulima tunayemjua ana tope mpaka magotini.

Ila kidonda cha shule hakikupona, na hapo namwelewa. Baba yangu aliishia darasa la saba kwa kukosa ada. Mpaka leo akipita mbele ya sekondari ya kwetu hupunguza mwendo, kama mtu aliyeangusha kitu.

Morrill aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1855. Miaka miwili baadaye akapeleka muswada: kila jimbo lipewe ardhi ya serikali kuu, liiuze, fedha iwekezwe, na faida yake iendeshe chuo cha kilimo na ufundi kwa watoto wa wafanyakazi. Ulipita kwa taabu, Rais Buchanan akaukataa mwaka 1859. Wapinzani wakubwa walikuwa wabunge wa Kusini. Majimbo yao yalipojitenga na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, njia ikawa nyeupe. Lincoln alitia saini Julai 2, 1862.

Sasa tupige hesabu. Ekari 30,000 kwa kila mbunge na kila seneta. Vermont yenye watano ikapata 150,000. New York yenye 33, ekari 990,000. Majimbo hayo ya mashariki hayakuwa na ardhi ya serikali kuu ndani ya mipaka yao, kwa hiyo yalipewa vyeti vya kudai ardhi magharibi. Mengi yaliviuza kwa bei ya kutupa. Ezra Cornell, naye mkulima na seneta wa jimbo la New York, hakuwa na haraka. Alivitumia kuchagua misitu ya misonobari Wisconsin, bei ikasubiriwa ipande, na chuo chenye jina lake kikavuna zaidi ya dola milioni 5.

Misitu ile awali ilikuwa ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo lile.

Nitaambiwa nisimpime Morrill, mtu wa 1862, kwa mizani ya leo. Haya, nimpime kwa mizani yake mwenyewe. Mwaka 1890, akiwa seneta mwenye miaka 80, alipitisha sheria ya pili: jimbo linalowafungia weusi mlango wa chuo likose fedha, au liwe na chuo chao na ligawe fedha kwa haki. Majimbo ya Kusini yakachagua kutenganisha, na hiyo haki ya mgawo ikabaki kwenye karatasi. Hata hivyo vyuo vya weusi kama Florida A&M vikapata pa kusimamia. Kwa hiyo macho ya kumwona aliyeachwa nje alikuwa nayo. Mtu mweusi aliyesimama mlangoni alimwona. Mwenye ardhi hakumwona.

Morrill alifariki Desemba 1898, bado akiwa seneta. Mkono wake umefika hata Morogoro: Ohio State ndiyo iliyoongoza mradi wa miaka ya 2010 uliosomesha Watanzania kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na nawafahamu waliorudi na shahada zao wakiwa na shukrani za kweli. Simnyimi sifa hiyo. Lakini sheria ile ya 1862 ina sharti moja ambalo siwezi kulipita: mtaji uliotokana na ardhi usiguswe milele, itumike faida tu. Kwa roho ya sharti hilo, pesa ya misonobari ile inapaswa kuwepo hadi leo, na jina la chuo ilipo linajulikana.