Hesabu Utitiri Kwanza, Dawa Baadaye

Siku hizi mzinga ukihamwa huku Njoro, mkosaji ametajwa kabla hata mtu hajaufungua: varoa, utitiri anayewanyonya nyuki. Zamani tungelaumu siafu, nyegere, nondo wa nta, au kiangazi kilichomaliza maua. Leo mfugaji amelisikia jina hilo kwenye simu, kesho yake yuko Nakuru mjini akizunguka agroveti kuulizia dawa. Ushauri wangu ni arudi nyumbani na pesa zake.

Si kwamba utitiri huo haupo. Ulionekana Kenya mwaka 2009, na asili yake ni kwa nyuki wa Asia. Lakini wapo watu waliokwenda kuuhesabu. Mwaka 2014 Elliud Muli na wenzake, wakiwemo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, walichapisha matokeo ya kupima nyuki katika maeneo 24 nchini. Utitiri ulikuwa umeenea, isipokuwa kaskazini kabisa. Virusi vitatu vinavyojulikana Ulaya na Marekani vilipatikana, ila kwa kiwango kidogo. Mabaki ya dawa za kilimo yalikuwa machache. Na jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila agroveti: kuwepo kwa utitiri peke yake hakukuonekana kupunguza ukubwa wa makundi. Huko Ulaya na Marekani, kundi lisilotibiwa kwa kawaida halimalizi miaka mingi.

Mdudu mwenyewe si wa kudharauliwa. Jike ni jekundu la kahawia, upana wake haufiki milimita mbili. Hujipenyeza kwenye chumba cha jana (mtoto wa nyuki) muda mfupi kabla nyuki hawajakifunika kwa nta, akataga humo, na watoto wake wakamnyonya nyuki kabla hajatoka. Samuel Ramsey na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba kwa nyuki mkubwa chakula chake hasa ni tishu ya mafuta, ile inayofanya kazi nyingi ambazo kwetu hufanywa na ini. Pia hueneza virusi vinavyokunja mabawa.

Sasa mbona wetu wanastahimili? Majana yao hukaa chini ya kifuniko muda mfupi kidogo kuliko ya nyuki wa Ulaya. Husafishana, hutupa majana yaliyoathirika, na huhama. Hiyo tabia ya kuhama, tunayoilaani kila msimu, ina faida yake: kundi likiondoka linayaacha majana yote pamoja na utitiri uliofungiwa humo. Kipi kati ya hivyo kina uzito zaidi, wanasayansi bado wanajadiliana.

Ukianza kuning'iniza vipande vya dawa kati ya masega, unavuruga mpango huo. Kundi dhaifu ambalo lingejifia linaokolewa, linazaa malkia na madume, na udhaifu unaenea kijijini. Wazungu wamepitia hayo: utitiri wao ulizoea dawa ya fluvalineti, na dawa yenyewe ikabaki kwenye nta. Kwa nini tulipie kosa ambalo wenzetu walishalilipia?

Kuna jambo moja katika utafiti wa Muli ambalo sisi wa nyanda za juu hatupaswi kulipita mbio. Kadiri walivyopanda juu, ndivyo utitiri ulivyoongezeka. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kisumu haifiki nusu ya hiyo. Kwa hiyo mfugaji wa Molo asijifariji kwa kuwa jamaa yake wa Ahero hajauona. Ahesabu.

Kuhesabu hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya mdomo mpana, ondoa katikati ya kifuniko na uweke wavu ambao nyuki hapiti. Jioni, ukiwa umevaa vazi kamili (hawa si nyuki wa kuzoeana nao), toa sega lenye majana, hakikisha malkia hayupo hapo, kisha kung'utia nyuki nusu kikombe ndani ya chupa. Hao ni kama 300. Mimina vijiko viwili vya sukari laini ya kupambia keki, zungusha chupa hadi wote wawe weupe, subiri dakika mbili, halafu pindua na utikise juu ya beseni jeupe lenye maji. Sukari itayeyuka, na utitiri utabaki ukionekana kwa macho. Gawanya idadi kwa tatu, ndiyo hesabu yako kwa kila nyuki 100. Waliopakwa sukari warudishe mzingani, wenzao watawalamba.

Afisa wa mifugo wa wadi angetembea na chupa hiyo, tungekuwa na takwimu zetu kutoka Subukia hadi Kuresoi badala ya uvumi. Na hesabu ikizidi tatu kwa 100, bado usikimbilie dukani. Utitiri hupenda zaidi majana ya madume, yale yenye vifuniko vilivyovimba kama risasi. Kwenye mzinga wa mapau, ule ambao masega yananing'inia kwenye vipande vya mbao, ni rahisi: likate sega hilo kabla hawajatoka, uwape kuku, kisha hesabu tena baada ya wiki chache.