Mbweha Asiyetajwa

Kwa miezi mitatu iliyopita nimesoma karibu aina mbili tu za vitabu: vitabu vya picha, ambavyo humsomea mpwa wangu wa miaka mitano kabla hajalala, na hadithi za upelelezi za zamani, ambazo huzisoma peke yangu akishalala. Mwanzoni niliziona kuwa shughuli mbili tofauti, moja ya mtoto na nyingine ya mtu mzima aliyechoka. Kadiri siku zilivyopita nimekuja kuamini kwamba ni shughuli moja, na kwamba vitabu hivi ambavyo wengi wetu huviita vyepesi vinamdai msomaji umakini kuliko vitabu vingi vinene vya heshima, kwa sababu vyote viwili uhai wake umo katika yale yasiyosemwa.

Aliyenifumbua macho ni mtoto mwenyewe. Tulikuwa tunasoma kitabu cha Pat Hutchins kuhusu kuku aitwaye Rosie, kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1960, ambacho maneno yake yote ni 32 na yote ni sentensi moja. Rosie anatoka kwenda matembezi. Anakatiza uani, anazunguka bwawa, anapanda lundo la nyasi kavu, anapita kando ya kinu, anapenya uzio, anapita chini ya mizinga ya nyuki, kisha anarudi nyumbani kwa wakati kula chakula cha jioni. Ukisoma maneno peke yake utashangaa kwa nini mtu alijisumbua kuyachapisha. Lakini katika picha, nyuma ya Rosie, yumo mbweha anayemnyemelea, na kila anaporuka ili amkamate hupatwa na balaa: anakanyaga reki na mpini unampiga usoni, anatumbukia bwawani, anazama katika nyasi, gunia la unga linammwagikia, na mwishowe nyuki wanamtimua mbali kabisa. Maneno hayamtaji mbweha huyu hata mara moja.

Nilikuwa nimeshafika kwenye kinu, nikisoma kwa sauti nzuri ya kutosha, mtoto aliponishika mkono na kuuliza, "Mjomba, mbona humsemi mbweha?" Nikamjibu kwamba mbweha hakuandikwa. Akautazama ukurasa kwa muda, akamgusa Rosie kichwani kwa kidole, akasema, "Basi Rosie hajui." Niliufunga mdomo. Mtoto ambaye bado hajui kusoma herufi alikuwa ametambua kwamba msimulizi anaweza kusimulia jambo zima bila kusema uongo wowote na bado akaliacha nje lililo kubwa kuliko yote, na kwamba kazi ya kuliona imebaki kwa yule anayetazama.

Usiku huohuo nilirudi kwa Sherlock Holmes, katika hadithi ya mwaka 1892 ambamo farasi wa mashindano aitwaye Silver Blaze anatoweka zizini. Hoja kuu ya Holmes haitoki kwenye alama ya kiatu wala tone la damu, bali kwa mbwa wa zizi ambaye usiku ule hakufanya lolote. Kama mbwa hakubweka hata kuwaamsha vijana waliokuwa wamelala juu ya zizi, basi aliyeingia na kumtoa farasi alikuwa mtu ambaye mbwa anamjua vizuri. Nilikuwa nimeisoma hadithi hii nikiwa mwanafunzi na kuisifu kwa akili yake, lakini safari hii niliisoma nikimfikiria Rosie. Mbwa aliyenyamaza na mbweha asiyetajwa ni ndugu. Ili uwaone unalazimika kujiuliza ni nini kilipaswa kuwepo hapa na hakipo, na swali hilo si jepesi, kwa maana macho yetu yamezoea kukusanya vilivyopo.

Edgar Allan Poe alikuwa ameshaufungua mlango huo mwaka 1841, katika kisa chake cha mauaji ya Paris ambacho wengi hukihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi wa kisasa. Mashahidi walisikia sauti kali kutoka chumba cha juu, na kila mmoja akaapa kuwa ilikuwa lugha ya kigeni: Mfaransa alidhani ni Kihispania, Mwingereza alidhani ni Kijerumani, Mhispania alidhani ni Kiingereza. Kila mmoja aliitambua kuwa ni lugha asiyoijua. Mpelelezi Dupin anajali kile ambacho hakuna shahidi hata mmoja aliyesema, yaani kwamba alisikia neno la lugha yake mwenyewe. Hatima ya kisa hicho hainiridhishi, lakini kurasa za ushahidi huo nimezisoma mara tatu kwa furaha ileile.

Kisha nikakirudia kitabu cha Agatha Christie cha mwaka 1926 kuhusu kifo cha Roger Ackroyd. Sitamtaja muuaji, maana kumharibia msomaji mpya kitabu hiki ni dhuluma. Kilipotoka, wapo waliolalamika kwamba mwandishi aliwachezea rafu. Mimi nilikisoma mara ya pili nikiwa na penseli mkononi, nikitafuta mahali alipodanganya, na sikupata hata pamoja. Katika sura za mwanzo kuna sentensi moja fupi, ya kawaida kabisa, ambayo mara ya kwanza niliivuka kama mtu anavyovuka kizingiti cha nyumba aliyoizoea. Safari hii niliisoma nikahisi baridi mgongoni. Ukweli ulikuwa umelala pale tangu mwanzo, mchana kweupe. Nakiri kwamba wahusika wengi wa Christie ni wembamba, na kwamba watumishi wa nyumba katika vitabu vya wakati ule huandikwa kana kwamba hawana maisha yao, jambo linaloniudhi zaidi kila ninaporudi. Lakini katika ufundi wa kuficha kitu kwa kukiweka wazi, sijamwona wa kumfikia.

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa hadithi hizi, aliandika kanuni kumi za uungwana katika upelelezi, mojawapo ikikataza kabisa nguvu zisizo za kawaida kutumiwa kuwa jibu la fumbo. Nilipoisoma kanuni hiyo nilimkumbuka mara moja mpelelezi wa Kiswahili, Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla aliipa riwaya yake jina la Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda shindano la uandishi wa Kiswahili la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, na jina lenyewe ni mtego. Linamwelekeza msomaji kwenye mzimu wakati Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anawatazama binadamu waliosimama kandokando yake. Watu hupenda kusema kwamba Bwana Msa ni Holmes wa Kiswahili na Najum, rafiki anayefuatana naye, ni Watson wake, na kufanana kupo, lakini nadhani sifa hiyo inampunja Abdulla. Mazungumzo ya vitabu vyake, mizaha yake na jinsi watu wanavyozungukana kwa maneno kabla ya kulisema jambo lenyewe, hayo hayakuazimwa popote, na ndiyo yanayomficha mkosaji vizuri kuliko giza lolote.

Kwa sababu hizi sina subira na baadhi ya vitabu vya watoto ninavyokutana navyo siku hizi, ambamo picha inaonyesha mtoto analia na maneno chini yake yanasema kwamba mtoto alilia kwa sababu alikuwa na huzuni. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, nafasi ndogo mno ya kusema jambo moja mara mbili. Kumweleza mtoto kila kitu ni kumnyang'anya kazi ambayo ana uwezo nayo na anaipenda.

Maurice Sendak alilijua hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1963, Max aliyevaa vazi la mbwa mwitu anafanya utundu, mama yake anamwadhibu kwa kumlaza bila chakula, chumba kinageuka msitu, naye anasafiri karibu mwaka mzima hadi kwenye kisiwa cha madubwana. Picha zinaanza ndogo, zinakua ukurasa hadi ukurasa mpaka zinayafukuza maneno yote. Max anaporudi chumbani anakuta chakula chake kinamngoja, na ukurasa wa mwisho hauna picha yoyote, una maneno machache tu yanayosema kwamba kilikuwa bado cha moto.

Mpwa wangu aliukagua ule weupe, kisha akarudisha kurasa nyuma. Akauliza ni nani aliyeleta chakula, nikamwambia atafute. Alimtafuta mama kitabu kizima, wala hayumo katika picha hata moja. Tunasikia habari zake tu. "Ni mama yake," akasema hata hivyo, "alikuja tukiwa hatutazami." Halafu akanionyesha dirishani kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona katika miaka yote niliyokijua kitabu hiki: usiku Max anapofungiwa mwezi ni mwembamba, na anaporudi umekuwa mpevu. Chakula kinashuhudia kwamba alitoka kwa dakika chache, na mwezi unashuhudia kwamba aliondoka siku nyingi. Aliniuliza ni kipi kinachosema kweli. Nimekirudia kitabu mara nne tangu jioni ile, na kila mara yeye anashikilia mwezi na mimi nashikilia chakula.