Urafiki wa Celtics na kipimo cha Lexington

Anayetaka kuthibitisha kwamba mpira wa kikapu ulisaidia kuvunja ubaguzi Marekani huanzia kwa Chuck Cooper, mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Boston Celtics walimchukua mwaka 1950, msimu uleule alioanza Mzungu Bob Cousy. Timu ilipokwenda Raleigh, North Carolina, hoteli ikamnyima Cooper chumba. Cousy akaamua kuondoka naye kwa treni ya usiku. Stesheni wakakuta choo cha Wazungu na choo cha weusi. Wakaviacha vyote viwili, wakaenda mwisho wa jukwaa wakajisaidia hapo, bega kwa bega.

Hakuna aliyemlazimisha Cousy, na kwa mtu aliyedhalilishwa, mwenzake wa kuondoka naye si jambo dogo. Wanaokisifu kisa hiki wana haki. Ila kesho yake hoteli ilifungua milango kwa masharti yaleyale.

Oktoba 1961 zamu ikawa ya Lexington, Kentucky. Celtics walikuwa mabingwa, na Bill Russell ndiye nguzo yao. Mkahawa wa hoteli ukakataa kuwahudumia wenzake wawili weusi, Sam Jones na Satch Sanders. Russell na wenzake weusi wakabeba mizigo wakaondoka, na weusi wa timu pinzani, St. Louis Hawks, nao wakagoma kucheza. Wazungu, Cousy akiwemo, wakabaki wakacheza. Sababu walikuwa nayo: mechi hiyo ya kirafiki iliandaliwa ili kuwaenzi Frank Ramsey na Cliff Hagan, waliowahi kung'ara katika chuo kikuu cha mji huohuo. Sidhani kama kulikuwa na chuki kati yao na Russell. Hilo ndilo linalonisumbua, maana mtu anaweza kukupenda kwa dhati na bado akaingia uwanjani.

Kwangu mimi, Lexington ina uzito kuliko Raleigh. Kumsindikiza rafiki kunamfariji yeye. Wazungu wangegoma pia, mechi isingechezwa, na mji mzima ungeulizana kwa nini.

Hata hivyo, wanaoupuuza kabisa urafiki ule wanakosea. Miaka hiyo nyumba ya Russell huko Reading, karibu na Boston, ilivamiwa, kuta zikaandikwa matusi ya kibaguzi, na kinyesi kikaachwa kitandani. Cousy alipokaribia miaka 90 alimwandikia Russell barua, akijuta kwamba hakumsimamia vya kutosha. Hakuna sheria inayomfanya mzee aandike barua ya namna hiyo. Lakini ilikuja zaidi ya miaka 50 baada ya wawili hao kutwaa ubingwa wao wa 6 pamoja.