Mapenzi ya kwenye tamthilia hayana ya kutolea

Katika tamthilia zote nilizotazama, za Kituruki, za Kifilipino na za hapa kwetu, sijawahi kusikia mwanamke akimuuliza mwanaume, "Umetuma na ya kutolea?" Hapa Mwanza hilo ni swali la kwanza kabisa. Mwanaume akikutumia elfu ishirini kavu kwenye simu, bila ya kutolea, yaani hela ya makato ya wakala, wenzako saluni wanakuangalia kwa huruma. Akiweka na ya kutolea bila kuombwa, hata yule mama anayesukwa pembeni, ambaye muda wote alijifanya hasikii, anainua kichwa: "Huyo kalelewa." Nawajua wasichana waliomwacha mtu kwa sababu ya makato tu, na siwalaumu.

Ukianzisha mjadala wa kama televisheni inaonyesha mapenzi ya wanawake yalivyo, watu wanakimbilia nyumba na nguo. Dada anaamka asubuhi kope za bandia zimesimama. Kazi yake haieleweki lakini anaishi kwenye ghorofa lenye bwawa la kuogelea. Kutwa yuko na visigino virefu. Mlete Mabatini avipandishe kwenye yale mawe tuone. Hayo yote mimi nilishasamehe. Nikitaka kuona dera lililopauka nina kabati langu.

Nisichosamehe ni jinsi wale wapenzi walivyo peke yao. Wako wawili tu duniani, labda na adui mmoja. Hakuna mdogo wake mwanaume anayelala sebuleni, hakuna shangazi anayepiga simu kutoka Magu kuuliza "huyo mgeni ni wa wapi", hakuna tarehe ishirini ambayo mshahara umeisha na mwezi haujaisha. Hata usaliti wao ni wa kitoto. Simu imeachwa mezani, haina nywila, na mchepuko ameandikwa "Mpenzi". Mwanaume gani huyo? Huku mtu ana laini mbili na mchepuko kamsevu "Fundi Friji". Utakaa mwaka mzima unashangaa mbona hilo friji haliponi.

Nilipokuwa chuo, hosteli za Malimbe, DVD za Sex and the City zilikuwa zinaazimana chumba kwa chumba mpaka zikawa zinakwama. Kipindi kilirushwa na HBO ya Marekani kuanzia 1998 hadi 2004: wanawake wanne wa New York, mapenzi yao, na stori zao mezani. Wengi wetu tulikitazama kwa ajili ya viatu vya Carrie, yule mhusika mkuu. Lakini kipande kinachosimama mpaka leo kiko msimu wa nne, pale Carrie anapotakiwa anunue nyumba anayoishi au ahame, na benki haimtaki. Shoga yake Miranda, mwanasheria, anampigia hesabu papo hapo dukani: jozi mia za viatu, dola 400 kila jozi, ni dola 40,000. Pesa ya nyumba ameivaa. Anayekuja kumwokoa ni Charlotte, shoga yao mwingine, anampa pete ya uchumba ya ndoa yake iliyovunjika. Hapo nilikaa vizuri kitandani. Mwanamke kukwamuliwa na shoga yake baada ya wanaume kupita, hilo nalijua. Kwetu linaitwa kikoba.

Kipande kingine kiko kwenye kipindi cha mwisho kabisa, cha Februari 2004. Watu wanakikumbuka kwa sababu ya Paris, Big, mpenzi wake wa zamani, anamfuata Carrie, wanakumbatiana. Mimi nakikumbuka kwa bafu. Mama mkwe wa Miranda amepoteza kumbukumbu, ametoroka nyumbani, Miranda anamtafuta mtaani, anamrudisha na kumwogesha. Miranda yule yule ambaye misimu yote alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Dada wa kazi anaona, anamwambia kwamba alichofanya ndiyo mapenzi. Dakika chache tu za bafu, halafu kamera inarudi Paris, maana Paris ndiyo inauza. Ukiniuliza mimi, kipindi kizima kingeweza kuandikwa kutokea kwenye lile bafu.

Ndiyo maana sishangai kwamba tamthilia ya nje iliyowakaa wanawake wa hapa moyoni haikuwa na mabusu ya mvuani. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya msichana Mao Doudou na mama wakwe zake. Mama wakwe, kwa wingi! Watu waliipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Wachina wale hatuli nao chakula kimoja wala hatusali pamoja, lakini mwanamke anayepima kila neno mbele ya mama mkwe wake hahitaji tafsiri Nyakato wala Buhongwa.

Sasa tuje huku ziwani. Kwenye televisheni mbalamwezi ni ya kukaa ufukweni mmeshikana mikono. Nenda Mwaloni, Kirumba, umwulize mama anayefungasha dagaa kuhusu mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, ili waifuate ile nuru. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanatoka makambini visiwani na kurudi mjini. Kwa hiyo kama mpenzi wako ni mvuvi, unaye siku za mbalamwezi, na siku hizo ndizo anazokula akiba. Giza likirudi pesa inarudi, mwenyewe haonekani. Kuna wanawake wanapanga mambo yao yote kwa hesabu hiyo: lini kusuka, lini kumtajia ada ya mtoto, lini kumwambia kwamba ni mjamzito. "Shoga, usimwambie leo, subiri giza." Niambie ni mwandishi gani wa tamthilia amewahi kupata mstari mzuri kama huo akiwa Dar.

Au chukua mapenzi ya Geita. Wanaume wanafanya kazi migodini, wanawake wako Mwanza, katikati kuna Ghuba ya Mwanza. Miaka yote hiyo penzi lilipimwa kwa foleni ya kivuko pale Kigongo. Mtu alikwambia anakuja Jumamosi, akafika usiku, au hakufika, na kisingizio kilikuwa kimoja: kivuko. Halafu Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu, unavuka kabla mahindi ya kuchoma hayajaisha mkononi. Uchumi umepata, wagonjwa wamepata, na wanaume fulani wamepoteza kisingizio walichokitumia tangu ujana. Nimesikia saluni mazungumzo ya kuachana yaliyotokana na lile daraja moja kwa moja. Sitanii.

Tamthilia zetu wenyewe, nitasema ukweli ingawa nazitazama, zinajua wanawake wa aina tatu: mvumilivu anayelia na mwishowe anaolewa, mdangaji anayeishia hospitali au kwenye kiti cha magurudumu, na mama mkwe mwenye roho ya kwa nini. Dada wa kazi anapendwa na mtoto wa tajiri. Mwenye kazi nzuri na gari lake lazima awe na kiburi. Yule niliye jirani naye hayupo: miaka thelathini na nane, watoto wawili, aliachika, ana genge lake na ana mwanaume anayekuja Alhamisi, na hataki aje Ijumaa kwa sababu Ijumaa ana mzigo. Hajaonewa na hadangi. Waandishi hawajui wamweke wapi, kwa hiyo wanamfanya mpangaji anayepita nyuma na ndoo.

Na hata nusu ya mapenzi ya mji huu hawayagusi, yale ya sogea tukae. Alikuja na begi moja, mara godoro, mara mtoto. Hakuna barua ya posa, hakuna mahari, mtaa mzima unamwita Mama Fulani. Kwenye tamthilia watu ama ni wachumba ama wana harusi ya magari kumi. Wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawajua hawa: mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi mpaka jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, sheria inadhania wamefunga ndoa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hebu ona tamthilia iliyomo humo. Mwanaume anafariki. Ndugu wanafika na lori kabla ya arobaini, wanataka kitanda na televisheni, wanasema "hatukumtambua". Mwanamke anaanza kukusanya mashahidi: mwenye nyumba, mjumbe, muuza maji, na yule jirani waliyenuniana tangu mwaka juzi kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Sasa ushindi wake mahakamani unategemea kama huyo jirani atakubali kusema, "Ndiyo, walikuwa mke na mume, nilikuwa nawasikia wakigombana."

Hiyo ningelipia king'amuzi mwezi mzima, na ya kutolea juu.